Baba, Mama na Watoto Waende Ziwani



Wapendwa taifa la Mungu, likizo ya Juni imewadia, na wazazi wanatuuliza wawapeleke watoto wapi. Jibu letu ni fupi: wapelekeni ziwani, nanyi mwende nao.

Kutoka Kitai barabara hupita Mbinga, milimani kwa Wamatengo, kisha huteremka hadi Mbamba Bay. Njiani mtaona ngoro, vishimo walivyobuni wazee ili mvua isichukue udongo. Mtoto akielezwa na baba yake, ataheshimu jasho la mababu. Na mwisho wa safari ni Ziwa Nyasa, lenye kina cha takriban mita 700.

Twasikitika kwamba wapo watoto wetu wanaolijua ziwa hilo kwa dagaa wa sokoni tu, ilhali baba zao, fedha ya kahawa ikipatikana, hushuka huko peke yao na kurudi mikono mitupu. Tuseme wazi: hayo si mapumziko, ni kuikimbia familia.

Wengine watasema hawana uwezo. Hatusemi mlale hotelini. Nauli, chakula cha kutoka nyumbani na siku moja ufukweni vyatosha. Bwana wetu alipowaona mitume wamechoka aliwaalika wapumzike, akasafiri pamoja nao (Mk 6:31-32). Baba wa Kikristo naye afanye vivyo hivyo. Ila Misa ya Dominika isisahaulike. Kando ya ziwa nako makanisa yapo.

Tuwatakie safari njema.