Umeme wa Nyangwe na mlango wa Kindu

Jioni ikiingia Nyangwe, jimboni Maniema, ukingoni mwa mto Lualaba, simu hulazwa kwa safu kwenye kibanda chenye paneli moja ya jua, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Wanaosubiri hapo huzungumza umeme, na maneno ni yaleyale.

"Umeme ni kazi ya SNEL, shirika la umeme la taifa, jimbo halina neno." Hilo lilikwisha mwaka 2014. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni iliondoa ukiritimba wa SNEL na kufungulia wengine njia ya kuzalisha na kusambaza. Hata kabla ya hapo, Katiba ya 2006, kifungu cha 204, ilikabidhi majimbo mipango ya nishati yenye manufaa ya jimbo. Kongo haijiiti shirikisho, lakini katika jambo hili madaraka yamegawanywa: Kinshasa huweka kanuni, mdhibiti ARE husimamia sekta, na Kindu, makao makuu ya jimbo, inatakiwa kupanga. Mtu wa Kasongo, humuhumu jimboni, anayemdai mbunge wake wa jimbo umeme hajakosea mlango. Tena kifungu cha 48 kinautaja umeme kuwa haki, sambamba na maji ya kunywa.

"Jimbo halina pesa." Hapa wako sahihi. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa, fungu la majimbo, ikatwe palepale yanapokusanywa, na miaka yote hii jambo hilo halijatekelezwa inavyopaswa. Ni dhuluma, na inatuumiza. Ila kuchagua mto wa kujengea mtambo na kumtafuta mwenye mtaji hakungoji asilimia 40.

"Tungoje Inga." Laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwaka 1982 ili kulisha migodi ya shaba. Ilipita juu ya vijiji vingi ikaviacha gizani, kwa kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wa namna ile haushushwi njiani bila kituo cha gharama kubwa. Kumbe humuhumu Maniema, mtambo wa umeme wa maji wa Lutshurukuru, karibu na Kalima, ulijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya machimbo ya kasiterite, madini ya bati. Wenye machimbo hawakungoja Inga.

"Sheria za tabianchi ni za wenye viwanda." Tazama baiskeli zinazoingia sokoni na magunia ya makaa, kwa kuwa hakuna umeme wa kupikia: kila gunia ni miti iliyoanguka. Mwaka 2021 Kongo iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 21 ifikapo 2030, ambapo 19 zinategemea msaada wa nje, na sehemu kubwa ya ahadi hiyo iko msituni. Machi 2023 sheria ya mazingira ilirekebishwa ili kuweka utaratibu wa soko la kaboni. Na tangu Agosti 2014, dekreti namba 14/018 inaruhusu jamii kupewa hati ya msitu wake, hadi hekta 50,000. Jamii isiyo na hati hiyo, siku mnunuzi wa kaboni akifika, mkataba wa msitu wa babu zake utatiwa saini na mtu mwingine.