Mwezi wa 13

Kuna sentensi moja ambayo huambiwi siku ya kununua. Siku hiyo unaitwa boss, unawekewa kiti, unafunguliwa mlango wa friji uone taa inavyowaka ndani. Sentensi inakuja mwezi wa 13, kaunta ileile, muuzaji akiigeuza risiti yako kwa vidole viwili: "Pole sana kastoma, waranti iliisha mwezi uliopita."

Na wewe unakubali. Hilo linaniudhi kuliko friji yenyewe. Unatoka duka la Thika mjini ukijilaumu kama mtu aliyeachwa na matatu ya mwisho, eti mbona haikuharibika wiki tano mapema. Unampigia fundi wa Makongeni, fundi anatikisa kichwa, friji inaenda kwa watu wa skrapu, na wewe unaanza kuwekea nyingine akiba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Piga hesabu ni jikoni ngapi hizo, na ni watu wangapi wamewahi kuambiwa hiyo "pole sana" wakaitikia "sawa tu".

Si sawa. Waranti ni ahadi ambayo kampuni imeamua yenyewe kukupa, na ina haki ya kuiwekea tarehe. Lakini kabla ya hiyo ahadi, sheria ilikuwa tayari imekupa nyingine, na hiyo ya sheria haiko kwenye kile kikaratasi cha rangi ndani ya boksi.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni mzee wa tangu enzi za mkoloni. Inasema anayefanya biashara ya kuuza friji anachukuliwa kuwa ameahidi, hata asipofungua mdomo, kwamba friji ina ubora wa kufaa kuuzwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikaja kukaza nati: kipengele chochote cha mkataba kinachojaribu kuifuta ahadi hiyo ni batili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Katika zote tatu, tafuta maneno "miezi 12" uniambie umeyaona wapi. Halafu fungua Sura ya 22, ile ya ukomo wa kesi: madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6, na kwa bidhaa iliyouzwa ikiwa na kasoro, hesabu kwa kawaida huanza siku ulipoichukua.

Swali la mwezi wa 13 basi ni hili: friji ya shilingi 35,000, iliyotumiwa na watu wawili kwenye bedsita ya Kihunguro kuwekea maziwa na sukuma wiki, ikifa baada ya miezi 13, je, ilikuwa na ubora wa kufaa kuuzwa? Hakimu ataangalia bei, tangazo lilisema nini, na uliitumia vipi. Anaweza kukukatalia, maana kuonyesha kwamba kasoro ilikuwemo tangu mwanzo ni kazi yako. Lakini hilo ni swali la kujibiwa kwa ushahidi, na muuzaji wa kaunta amekuwa akilijibu kwa kalenda.

Lile bango la "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi" nalo liko karibu kila duka. Ukinunua blenda nyekundu ukafika nyumbani ukatamani ya bluu, bango lina nguvu zake. Blenda ikiwa mbovu, bango ni pambo la ukutani. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu waranti au haki aliyo nayo. Kumwambia mtu "huna haki tena" wakati anayo si ubishi wa kawaida wa biashara.

Wenye duka wana majibu, na mawili nitayachukua kwa uzito.

La kwanza ni stima. "Hii imechomwa na stima, sisi hatuhusiki." Kweli, stima yetu ina vituko. Mtu wa Kimbo au Membley anajua ile sekunde umeme unaporudi na taa zinawaka nyeupe kupita kiasi, kila mtu anakimbilia soketi. Sheria ya Nishati ya 2019 inataja fidia kwa mali iliyoharibiwa hivyo, lakini ukienda huko nako unaulizwa: una uhakika gani si friji yako? Mtu mmoja, friji moja, na kila mlango unakuelekeza mlango wa pili. Ila jamani, muuzaji haendeshi duka lake Uswisi. Anauza Ruiru. Na kwenye shelfu ya nyuma yake, hatua mbili kutoka kaunta, ameweka friji gadi anazouza kivyake kwa sababu anajua vizuri stima ya hapa ikoje. Ukiuza kitu cha kutumika Ruiru, kitu hicho kinafaa kuhimili Ruiru, au useme kabla hujapokea pesa kwamba bila kile kidude haitafika mwaka wa pili.

La pili ni bei: "Ulitaka ya bei nafuu." Hapa wana pointi. Blenda ya 2,000 inayosaga juisi ya kuuza kutwa nzima kwenye steji haiwezi kudaiwa kama friji ya 60,000. Na yule mwenye duka dogo naye anabanwa na msambazaji wa Nairobi ambaye simu hashiki. Lakini yeye ndiye aliyepokea pesa zako, na yeye ndiye mwenye namba ya msambazaji. Bei nafuu hupunguza unachoweza kutarajia. Haikifikishi kwenye sifuri.

Na wakati tuko kwenye bei, tuongee kuhusu lipa pole pole. Tuseme umechukua friji kwa malipo ya miezi 18 na waranti ni miezi 12. Ikizima mwezi wa 13, una miezi 5 ya kulipia sanduku jeupe unaloweka ndani unga. Ukiacha kulipa, unapigiwa simu asubuhi, mchana na jioni. Kwa mkopo wana kumbukumbu ya tembo. Kwa ubora, wanasahau mwaka ukiisha. Sioni kwa nini kitu kiuzwe kwa mkopo mrefu kuliko imani ya muuzaji mwenyewe juu ya kitu hicho.

Kuna wanaosema haya yote yamepangwa, kwamba ndani ya kila mashine kuna saa ya siri. Mambo kama hayo yamewahi kutokea: miaka ya 1920 watengenezaji wakubwa wa balbu waliungana, makao yao Geneva, wakakubaliana balbu isiwake zaidi ya saa 1,000. Mimi sihitaji saa ya siri. Muulize fundi yeyote anayejua kazi. Kompresa ya zamani aliifufua kwa relei ya bei ndogo. Sasa anafungua nyuma anakuta bodi, na bodi hiyo ukiitafuta unaambiwa haiuzwi peke yake, au inakaribia bei ya friji nzima. Mashine nyingi za kufua siku hizi zina tangi lililounganishwa kiwandani lisifunguke, kwa hivyo beringi ya mia chache ikiisha, tangi lote limeisha. Fundi si mjinga. Amefungiwa nje. Chuma kinaenda skrapu, povu na plastiki zinaishia Kang'oki, na Thika inanusa matokeo.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024, nchi wanachama zikapewa hadi 31 Julai 2026 kuitekeleza: mtengenezaji wa friji au mashine ya kufua lazima akubali kuitengeneza hata baada ya dhamana ya kisheria kuisha, kwa bei isiyo ya wizi. Sisi tunasubiri nini? Bunge letu linaweza kuandika namba: friji miaka kadhaa, mashine ya kufua miaka kadhaa, na spea zipatikane Kenya muda wote huo. Bila namba, haki ya "ubora wa kufaa" inabaki ya mtu mwenye muda wa kubishana, na kibarua wa kiwandani Thika hawezi kukosa zamu tatu kwa ajili ya mikrowevi.

Hadi hapo, tumia iliyopo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, Kiswahili kinatosha, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Thika ipo. Risiti ipige picha siku ya kununua, kwa sababu nyingi huchapishwa kwa joto na maandishi hufifia kabla hata waranti haijaisha. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Fundi akifungua, mwambie aandike alichokiona, na tarehe, na jina lake.

Kabla ya mahakama, andika barua. Ukurasa mmoja: ulinunua nini, lini, kwa bei gani, kimeharibika vipi, unataka kitengenezwe, kibadilishwe au urudishiwe pesa, na unawapa siku 14. Taja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 kwa jina. Chapisha nakala mbili saiba ya steji, peleka mwenyewe, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri.