Jiji Lisile Sadaka ya Ombaomba: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji

Ndugu Mkurugenzi,

Barua hii inahusu faini za papo kwa papo, yaani faini ambazo askari mgambo humtoza mtu palepale anapokamatwa, bila shauri kufika mahakamani, na hasa zile wanazotozwa ombaomba na watu wanaokunywa pombe kwenye vibaraza na vituo vya daladala katikati ya jiji. Ofisi yako inaijua operesheni inayoendelea ya kuondoa uombaji barabarani, maeneo yake na maelezo yaliyotolewa kuihalalisha, kwa hiyo hayatarudiwa hapa. Hoja ni moja: mtu anayeishi kwa kuomba hana fedha ya kulipia faini isipokuwa ile atakayoiomba, na kwa sababu hiyo faini anayotozwa ombaomba hulipwa kwa kuomba zaidi.

Mwandishi wa barua hii amelishuhudia jambo hilo ndani ya ukoo wake. Mjomba wake, mzee kutoka Kongwa mkoani Dodoma, alipofuka kwa trakoma, maradhi ya macho yanayotokana na maambukizi ya bakteria, ambayo yakijirudia kwa miaka mingi huzikunja kope kwa ndani hadi zikawa zinakwangua jicho kila mtu anapopepesa. Mzee huyo alikamatwa siku ya Ijumaa akiwa ameketi nje ya msikiti, akatozwa shilingi 50,000, akashikiliwa hadi jioni fedha ilipopatikana. Aliyeilipa ni mwandishi, kutoka kwenye akiba iliyotengwa kwa sare na madaftari ya mjukuu anayemwongoza mzee barabarani. Risiti iliyotoka kwenye mashine, karatasi nyembamba yenye urefu wa kiganja, alikabidhiwa mzee asiyeona, na mjukuu ndiye aliyemsomea maneno yaliyoandikwa kwenye sehemu ya aina ya malipo: faini, usafi wa mazingira. Mzee hakukubali kubaki na deni la mpwa wake. Muhula ulipofunguliwa, mtoto hakwenda shule, kwa kuwa alikuwa akimwongoza babu yake kuomba fedha ya kurudisha faini.

Hesabu ya jambo hili haihitaji mtaalamu wa uchumi. Siku ikiwa njema mzee hupata shilingi 4,000, na siku nyingi hapati hata nusu yake. Hata zingekuwa njema zote, na hata kama yeye na mjukuu wasingekula chochote, ingemlazimu kuomba zaidi ya siku kumi na mbili ili kuifikisha faini moja. Kwa hiyo operesheni iliyotangazwa kuwa ya kuondoa uombaji imeongeza siku za kuomba, na pale ambapo palikuwa na ombaomba mmoja na mtoto mwenye nafasi darasani, sasa pana ombaomba wawili. Jiji lililokusudia kuikomesha sadaka ya barabarani limejiweka kwenye mstari wa wanaoipokea, kwa sababu sarafu zinazodondoshwa kwenye bakuli la kipofu na waumini waliotoka kuswali huishia kwenye akaunti ya mapato ya halmashauri.

Njia ya kumhamisha maskini ili umaskini usionekane si mpya nchini. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wale iliowaita wenyeji wasiotakiwa, wakasafirishwa kurudi vijijini, na wengi wao wakarudi mjini. Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakusanya watu walioonekana hawana kazi ili wapelekwe mashambani, na mwaka 2016 ombaomba wa Dar es Salaam waliamriwa kuondoka jijini. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyomaliza uombaji, kwa kuwa hakuna iliyogusa upofu, ukoma, njaa au ujane uliowatoa watu hao kwao. Faini ina kasoro hiyohiyo, na inaongeza nyingine ambayo gari la kuwarudisha watu vijijini halikuwa nayo: inamdai maskini malipo ya kufukuzwa kwake.

Msingi wa kisheria wa kumwadhibu anayeomba nao unastahili kuchunguzwa. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinachomhesabu mtu anayeomba hadharani kuwa mzembe asiye na utaratibu, kina nasaba na sheria ya uzururaji iliyotungwa Uingereza mwaka 1824, wakati barabara za nchi hiyo zilipokuwa na askari wengi waliorudi kutoka vita vya Napoleon bila kazi wala makazi. Waingereza waliieneza fikra hiyo katika makoloni yao, lakini Bunge lao lenyewe lilipitisha mwaka 2022 kifungu cha kuifuta sheria hiyo. Barani Afrika, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya ushauri, yaani tafsiri ya sheria isiyotokana na kesi kati ya pande mbili, kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Maoni hayo yalitolewa ndani ya ardhi ya Tanzania, na haifai jiji la Tanzania kuendesha shughuli zake kana kwamba hayajawahi kusomwa.

Hata katika nchi tajiri faini za namna hii zimeshindwa kujitetea. Huko Geneva, nchini Uswisi, mwanamke mmoja wa jamii ya Waroma kutoka Romania, asiyejua kusoma na asiye na kazi, alitozwa faini ya faranga 500 kwa kuomba barabarani, na aliposhindwa kuilipa alifungwa siku tano. Tarehe 19 Januari 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba adhabu hiyo ilivunja haki yake ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na ikaeleza kwamba mtu aliye katika dhiki kubwa ana haki ya kuifikisha dhiki yake kwa wengine na kujaribu kujikimu kwa kuomba. Kama Geneva haikuweza kuonyesha kwamba faini hiyo ilikuwa ya lazima, ni vigumu kuona jinsi jiji lenye ombaomba wanaokosa hata nauli ya kurudi makwao litakavyoweza.

Kuhusu ulevi wa barabarani, serikali imekwisha kuonyesha njia iliyo bora zaidi. Ilipoamua kupambana na viroba, yaani pombe kali iliyofungashwa kwenye vifuko vya plastiki na kuuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu, haikuanza kwa kuwasachi wanywaji. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku kifungashio chenyewe, ikawabana watengenezaji na wauzaji, ambao ndio wenye faida na wenye uwezo wa kulipa. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa wa pombe hatozwi faini akapona. Atauza shuka lake au ataomba, kisha ataondoka kwenye kibaraza chenye taa kwenda kunywa gizani, mahali ambapo akizidiwa hakuna wa kumuona.

Wenye maduka wana malalamiko ya kweli, na barua hii haiyapuuzi: njia iliyozibwa na lugha chafu za walevi ni kero kwa wote. Kuna pia madhara mengine ambayo faini imeyaleta, kama mianya ya rushwa pale fedha inapodaiwa barabarani, na hofu inayowafanya wagonjwa wamkimbie hata ofisa ustawi wa jamii kwa kumdhania ni mgambo. Lakini kero ya mwenye duka haiondoki kwa faini inayomlazimisha ombaomba kurudi kesho na bakuli lilelile na deni juu yake, kwa kuwa faini ya ombaomba hulipwa kwa kuomba zaidi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba halmashauri inao wajibu wa kisheria wa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na kwamba Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umekuwa ukiendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mzee kipofu hakuulizwa na yeyote kama anaijua mikopo hiyo au mpango huo. Mashine ya kumtoza ilimfikia hapo alipoketi, huku daftari la kumwandikisha kwa msaada likiwa limefungiwa ofisini, na hali hiyo si ya jiji moja wala ya mgambo mmoja, bali ni desturi ya utawala unaomfahamu maskini anapodaiwa na kumsahau anapodai.

Kwa hiyo ofisi yako inaombwa, kwa heshima zote, kutekeleza mambo manne. Kwanza, isitishe mara moja faini za papo kwa papo kwa kosa la kuomba. Pili, irudishe fedha zilizokwisha kutozwa, ikianza na watu wenye ulemavu, kwani risiti zipo na kumbukumbu ziko kwenye mfumo. Tatu, kila timu inayokwenda barabarani iongozwe na ofisa ustawi wa jamii mwenye fomu za kuandikisha watu kwa matibabu, mikopo na misaada, na wanywaji wapelekwe kwenye huduma za afya. Nne, itangaze hadharani kiasi kilichokusanywa kutoka kwa ombaomba na matumizi yake, ili waumini, wapita njia na wafanyabiashara waliotoa sadaka hiyo kwa nia njema wajue imefika wapi.

Mkazi na mlipakodi wa jiji