Uongozi wa Kilimo Huanzia Kwenye Mizani



Tukitaja kiongozi wa kilimo, wengi humfikiria mtu mwenye shamba kubwa au jina mjini. Maoni yangu ni kwamba kiongozi hutoka pale wakulima wanapoanza kusimamia mizani. Tuangalie maisha ya Paul Bomani.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma. Alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Siku hizo Usukumani mkulima alifikisha pamba yake kituoni, mnunuzi akapima mwenyewe na kuandika mwenyewe. Watu walijua wanapunjwa, ila kila mmoja alinung'unika nyumbani kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka watu wao vituoni wakague mizani. Jambo dogo, lakini liliwafundisha kwamba wakiungana wanaweza. Vyama vya msingi vikaota vijiji kwa vijiji. Bomani akaenda Uingereza kusomea ushirika, akarudi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda muungano wa ushirika wa Victoria, yeye akiwa meneja. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha.

Sasa sikiliza upande wa pili. Ushirika ulipokua, wanachama wengi waliacha kuukagua. Malalamiko ya wizi na uendeshaji mbovu yalizidi hata Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1966. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Waliokuwa hodari kukagua mizani ya mnunuzi walisahau kukagua ya kwao.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema, "AMCOS ni ya viongozi, mimi nauza tu." Piga hesabu: mizani ikikuibia kilo 2 kwa kila gunia la kilo 50, kwenye magunia 25 umepoteza gunia zima. Umelilima, umelipalilia, umelibeba, halafu umeligawa bure.

Kwa hiyo msimu huu fanya haya:

1. Kabla ya kupima, hakikisha mizani inasoma sifuri na ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.
2. Ukiwa na shaka, pima mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ukisoma pungufu, simamisha kazi na utoe taarifa.
3. Soma uzito mwenyewe na uchukue stakabadhi palepale.
4. Hudhuria mkutano mkuu. Uliza mapato, makato na madeni, na usiondoke bila kujibiwa.

Nawe mfanyabiashara, usidhani maneno haya ni ya kukupiga vita. Bomani mwenyewe alianzia upande wenu. Mwenye mizani ya haki hana haja ya kuwakimbiza wakulima. Watamfuata wenyewe, msimu hadi msimu.

Usisubiri Bomani mwingine aje na gari kutoka mjini. Huenda ni yule kijana wa kijiji chenu anayeuliza maswali mengi mkutanoni, nanyi mnamwambia akae chini. Mwacheni aulize.