MASHAURI YA KAZI KWA VIJANA WETU WALIO VYUONI

Twataka kusema neno katika gazeti letu juu ya jambo ambalo kila karani wa Ngara na Biharamulo alijua, lakini hatujapata kulizungumza mkutanoni. Nalo ni hali ya vijana wetu walio katika vyuo vikuu, pamoja na wale waliokwisha maliza masomo, wasiojua waanzie wapi kutafuta kazi.

Zamani taabu hii haikuwapo. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na mtu aliyejua kusoma, kuandika na kupiga taipu alitafutwa na kazi yenyewe. Chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, wahitimu walikuwa haba, na kwa miaka mingi Serikali ndiyo iliyowapangia kazi. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo ilikoma. Siku hizi kijana hupewa shahada yake, kisha huachwa njia panda ajitafutie mwenyewe.

Vyuo vina ofisi za kuwashauri wanafunzi juu ya kazi, nasi hatuzidharau. Lakini ofisi hizo ziko huko huko vyuoni, Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na kijana akimaliza masomo hurudi Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Runazi. Hapo mtu wa karibu ajuaye barua za Serikali ni nani? Ni sisi.

Nafasi nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Masharti si siri. Mwombaji awe raia, umri wake usizidi miaka 45, nakala za vyeti zithibitishwe na mwanasheria. Tena hati za matokeo hazipokewi badala ya vyeti vyenyewe. Hata hivyo tumemwona kijana mwenye shahada ya uhasibu asiyeitwa kwenye usaili kwa sababu alipeleka hati ya matokeo. Cheti chenyewe kilikuwa sandukuni kwa mama yake. Mwingine alikuwa na majina matatu katika karatasi tatu, moja la ubatizo, moja la shule na moja la cheti cha kuzaliwa, wala hakuna aliyemwambia mapema atengeneze kiapo cha kuyapatanisha.

Liko na jambo la kwetu hasa. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza ni ndugu wa Kirundi. Kwa hiyo kijana wetu akiomba kitambulisho cha Taifa huulizwa habari za baba na babu kuliko aulizwavyo mwenzake wa katikati ya nchi. Hatulaumu ulinzi wa mpaka. Mwaka 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Serikali ina haki ya kujua raia wake ni nani. Lakini bila namba ya kitambulisho hicho maombi hayaendi, na tangazo la kazi mara nyingi hufungwa baada ya majuma mawili tu. Basi kijana asiambiwe habari hii siku tangazo litokapo. Aambiwe akiwa mwaka wa kwanza, apate muda wa kwenda na kurudi ofisini.

Tena tukiri kosa letu wenyewe. Kila mwaka wanafunzi huja maofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, mwanafunzi alipewa kazi ya kuleta chai na kubeba mafaili mpaka siku zake zikaisha. Akarudi chuoni na barua nzuri yenye mhuri, lakini hajui kuandika dokezo wala kufuata barua ilikokwama. Mhuri ule ulisema uongo, na mwenye kuugonga alikuwa mmoja wetu.

Wako watakaosema kuelekeza si kufuma. Mashauri hayazai nafasi. Kweli, nafasi ni chache kuliko wahitimu, nasi hatutaki kumdanganya mtoto wa mtu. Lakini kukosa kwa sababu waombaji walikuwa wengi ni jambo moja, na kukosa kwa sababu ya karatasi ni jambo jingine. La kwanza halimo mkononi mwetu; la pili ni aibu yetu. Wengine wataogopa kudhaniwa wanapendelea ndugu zao. Sisi twaona kinyume. Upendeleo hukaa mahali ambapo habari hujulikana na mmoja na kufichwa kwa mwingine. Habari ikibandikwa ukutani, upendeleo wapungukiwa na maficho.

Wala kazi si za Serikali peke yake. Serikali ilitia sahihi mapatano ya nikeli ya Kabanga mwezi wa Januari 2021, ikapata hisa ya asilimia 16. Na mitambo ya Rusumo ni ya megawati 80, umeme wake ukigawanywa sawasawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kijana wa hapa aulize kazi za namna hiyo zataka elimu gani kabla hajachagua masomo, si baada ya kuvaa joho.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano ujao. Kwanza, pawe na ubao wa matangazo ya kazi Ngara mjini na mwingine Biharamulo, na karani mmoja ashike zamu ya kuutunza. Pili, pawe na daftari la wanafunzi na wahitimu wa wilaya zetu, pamoja na wale waliokwisha kupata kazi, ili wa mbele amjibu wa nyuma aulizapo njia. Tatu, kila mwanachama apokeaye mwanafunzi wa mafunzo ampe kazi ya kweli, wala asitie sahihi barua ya sifa kwa kazi ambayo hakuiona ikifanywa.

Hayo hayahitaji fedha, ila saa moja ya jioni kwa juma. Sisi nasi tulielekezwa na watu, hata tukafika mezani hapa.