Mbio za viunzi na maji: yule asiyehesabiwa anapitia wapi kufika kwenye medali?

Kulibaki mita chache tu. Soufiane El Bakkali wa Maroko, bingwa wa Olimpiki mara mbili na bingwa wa dunia mara mbili, alikuwa mbele katika finali ya mita 3.000 za kuruka viunzi na maji kule Tokyo. Ilikuwa siku ya kwanza, tarehe 15 mwezi wa kenda 2025. Wengi walishaona ni yeye tena. Kumbe nyuma yake kulikuwa mwanaume mmoja wa New Zealand mwenye masharubu, Geordie Beamish, anakuja kwa nguvu yote iliyobaki. Walipita mstari karibu bega kwa bega. Beamish: dakika 8 na sekunde 33,88. El Bakkali: dakika 8 na sekunde 33,95.

Tofauti ni sekunde 0,07. Ukifumba jicho na kulifumbua, hiyo imekwisha kupita.

Siku mbili mbele ya hapo, yule Beamish alikuwa chini. Katika mbio za mchujo alianguka, mwenzake mmoja akamkanyaga usoni. Akasimama, akafukuza kundi, akafuzu. Mwaka mmoja nyuma, katika Olimpiki ya Paris, hakufika hata finali. Na nchi yake haikuwa imepata zahabu hata moja katika mbio za uwanjani tangu mashindano ya dunia yaanze.

Watu wanajiulizaka: hiyo ni bahati? Sehemu moja, ndiyo. Lakini ukiangalia sawasawa mashindano makubwa tangu mwaka 2021, utaona kwamba katika mbio hizi wale wasiohesabiwa wanafika kwenye medali mara kwa mara, na njia wanazopitia zinafanana.

Kiunzi hakianguki, mtu ndiye anaanguka

Kwanza ni vizuri kuelewa mbio zenyewe. Mkimbiaji anaruka viunzi 28 vya kawaida, tena mara 7 anaruka kile chenye shimo la maji mbele yake. Jumla mara 35. Kwa wanaume kiunzi kina urefu wa sentimita 91,4. Kwa wanawake 76,2. Kiunzi cha mbio fupi ukikigonga kinaanguka, wewe unaendelea. Hiki cha mbio za maji ni mti mzito, ukikigonga hakisogei. Ni wewe ndiye unakwenda chini.

Kila mruko unakula nguvu na unavunja hatua. Tena wakimbiaji 15 au 16 wanakifikia kiunzi kimoja kwa wakati mmoja, bila kila mtu kuwa na njia yake. Aliye nyuma haoni kiunzi vizuri. Aliye mbele anajichosha kwa ajili ya wengine. Ndiyo maana saa nzuri peke yake haitoshi hapa.

Mfano wa uchungu ni Lamecha Girma wa Ethiopia. Ni yeye mwenye rekodi ya dunia, dakika 7 na sekunde 52,11, aliyoiweka Paris mwezi wa sita 2023. Hakuna mwanadamu aliyewahi kukimbia hivyo. Lakini amechukua fedha katika mashindano ya dunia ya 2019, 2022 na 2023, na fedha nyingine katika Olimpiki ya Tokyo, bila kugusa zahabu hata mara moja. Kule Doha mwaka 2019 Conseslus Kipruto wa Kenya alimpita kwa sekunde 0,01. Na Paris mwaka 2024, katika mzunguko wa mwisho wa finali, Girma aligonga kiunzi, akaanguka vibaya, akatolewa uwanjani kwa machela.

Kama mwenye rekodi anaweza kulala chini hivyo, basi mlango haujafungwa kwa mtu yeyote aliye karibu.

Njia ya kwanza: wakubwa wanapoogopana

Saa ya Beamish kule Tokyo, 8:33,88, si saa ya kutisha. El Bakkali amewahi kukimbia 7:56,68, ni kusema sekunde 37 mbele ya hiyo. Sasa ilikuwa namna gani akashindwa?

Jibu liko katika mwendo. Siku ile hakuna mkubwa aliyetaka kuvuta kundi. Kila mmoja alimwangalia mwenzake, mbio zikaenda polepole. Mbio zikienda polepole, mwenye pumzi nyingi anapoteza faida yake, kwa sababu hakuna aliyechoka. Kinachobaki ni kasi ya mita 200 au 300 za mwisho. Na hapo ndipo Beamish alikuwa na kitu mfukoni: mwaka 2024, Glasgow, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1.500 ndani ya ukumbi. Alikaa nyuma ya kundi kwa muda mrefu, akaokoa nguvu, akangojea. Wenzake walimfanyia kazi yake bila kujua.

Kijana mwingine aliyefaidika ni Edmund Serem wa Kenya. Alikuwa na miaka 17 tu, akachukua shaba kwa 8:34,56. Mwaka uliotangulia alikuwa bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20.

Njia ya pili: siku moja kubwa

Lakini mbio haziendi polepole kila mara. Finali ya Paris, tarehe 7 mwezi wa munane 2024, ilikuwa ya mbio sana. Hapo Mmarekani Kenneth Rooks ndiye aliyewashangaza watu.

Saa yake bora ilikuwa 8:15,08. Kiwango cha kuingia Paris kilikuwa 8:15,00. Alikosa kiwango kwa sekunde 0,08, akaingia kwa njia ya pointi za orodha ya dunia. Hakuna aliyekuwa anatamka jina lake kati ya wale wa medali. Mzunguko wa mwisho ulipoanza, Rooks akaenda mbele ya wote. Wengi walifikiri amepotea hesabu na atakufa njiani. Hakufa. El Bakkali alimpita mwishoni na kushinda kwa 8:06,05, lakini Rooks alipata fedha kwa 8:06,41. Abraham Kibiwot wa Kenya alikuwa wa tatu, 8:06,47.

Sekunde karibu 9 alizipunguza kwa siku moja. Hiyo haiji kila mwaka. Lakini angalia: angengojea mita 100 za mwisho pamoja na wale wenye kasi, pengine angekuwa wa sita au wa saba. Alijua hawezi kuwashinda kwa kasi, akawalazimisha wamfukuze. Alichagua vita yake mwenyewe.

Njia ya tatu: jirani wa mlima Elgon

Kwa watu wa mashariki ya Kongo, mfano wa karibu zaidi ni Peruth Chemutai wa Uganda, binti wa Bukwo, kule mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya. Alikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 17, akatoka katika mchujo. Mwaka 2019 akafika finali ya dunia Doha, akawa wa tano.

Katika Olimpiki ya Tokyo, tarehe 4 mwezi wa munane 2021, macho yote yalikuwa kwa Beatrice Chepkoech wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia. Lakini Courtney Frerichs wa Marekani ndiye aliyeamua kuvunja kundi kungali mapema. Wengine walisita. Chemutai hakusita. Alimfuata, akamfikia, na katika mzunguko wa mwisho akamwacha. Saa yake ilikuwa 9:01,45. Frerichs wa pili, Hyvin Kiyeng wa Kenya wa tatu, Chepkoech wa saba. Chemutai akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata zahabu ya Olimpiki.

Na haikuwa ajali. Miaka mitatu baadaye, Paris, alirudi na fedha kwa 8:53,34, nyuma kidogo ya Winfred Yavi wa Bahrain.

Hesabu ya kweli

Hapa ndipo hadithi nzuri inahitaji kusimamishwa kidogo. Watu wanapenda kusema huyu ametoka kusikojulikana. Si kweli. Beamish alikuwa wa tano duniani mwaka 2023, miaka miwili mbele ya zahabu yake. Chemutai alikuwa wa tano mwaka 2019, miaka miwili mbele ya yake. Rooks alikuwa wa kumi mwaka 2023, mwaka mmoja mbele ya fedha yake. Wote watatu walishakalia finali ya dunia, wakaona wakubwa wanakimbia namna gani, wakajua mahali pa kukaa kundini, wakashindwa, wakarudi.

Ndiyo kusema nafasi ya mnyonge kupata medali ni ndogo sana kama anaona finali kwa mara ya kwanza, na inakua kila mara anaporudi. Anayetaka kujua nani atashangaza katika mashindano ya dunia ya Beijing mwaka 2027 asiangalie tu wale watatu waliosimama na medali Tokyo. Aangalie wale waliokuwa kati ya nafasi ya nne na ya kumi, hasa mwenye silaha moja ya pekee: kasi ya mwisho, au ujasiri wa kuondoka mapema.

Hata Kenya yenyewe ilianza hivyo. Mexico mwaka 1968, Amos Biwott alikuwa kijana asiyejulikana, anaruka shimo la maji bila kukanyaga kiunzi wala kulowesha miguu, watu wanamcheka. Akachukua zahabu. Tangu pale mpaka 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilihudhuria, zahabu hiyo ya wanaume ilikwenda kwao. Zile mbili za 1976 na 1980 hawakwenda. El Bakkali ndiye aliyevunja mnyororo huo mwaka 2021. Leo ni Kenya inayotafuta kurudi juu, na tumaini lake liko pia kwa kijana aliyechukua shaba Tokyo akiwa na miaka 17.

Na vijana wa huku?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijapata medali hata moja ya Olimpiki. Vijana wa Butembo, Lubero, Bukavu au Bunia wanaishi katika milima, wanapanda na kushuka tangu utoto. Ni jambo zuri, lakini milima peke yake haijawahi kumpa mtu medali. Kama ingekuwa hivyo, kila kijiji cha mlimani kingekuwa na bingwa.

Shida ya kwanza si kiunzi. Seremala yeyote mzuri wa mtaa anaweza kutengeneza kiunzi cha mti, na shimo la maji linaweza kuchimbwa. Shida iko mlangoni. Nchi ambazo hazina mwanariadha aliyefuzu hupewa nafasi za bure katika Olimpiki, lakini kule Paris 2024 nafasi hizo kwa riadha zilikuwa za mita 100, mita 800 na maratoni tu. Mbio za viunzi na maji hazimo. Hapo hakuna zawadi. Unaleta kiwango, ambacho kwa mashindano ya dunia ya Tokyo kilikuwa 8:15,00 kwa wanaume na 9:18,00 kwa wanawake, ao unaleta pointi za kutosha.

Na pointi zinapatikana katika mashindano yanayotambuliwa, hazipatikani katika mazoezi ya barabarani hata ukikimbia namna gani. Rooks aliingia Paris kwa njia hiyo. Bila mashindano ya kutosha kwao, yule mwenye fedha ya Olimpiki angeiangalia finali kwenye televisheni.

Kwa kijana wa mashariki, maana yake ni safari. Kutoka Beni, kupitia Kasindi, Kampala iko karibu kuliko Kinshasa. Uganda na Kenya wana mashindano, wana viwanja, wana watu waliokwisha kupita njia hii. Lakini safari inataka pasipoti, inataka feza, inataka barabara yenye usalama, na inataka shirikisho linalomwandikisha mwanariadha mbele ya siku ya mwisho. Vita vimefunga mengi ya hayo. Kijana anayepoteza misimu miwili hivi hapotezi saa tu. Anapoteza ile finali ya kwanza ya kushindwa, ambayo bila hiyo medali haiji.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Beamish, Rooks na Chemutai walipata mahali pa kushindwia, kisha wakarudi kushinda. Huku, swali la medali linaweza kungoja. Linalotangulia ni kama kuna kijana hata mmoja atakayefikishwa kwenye mstari wa kuanzia.