Diploma ya Serikali ina kipimo, breve ya informatiki haina

Kijana anayeomba kazi ya kutunza kompyuta za hospitali au za ONG huko Goma, Bukavu ao Bunia huja na bahasha nene. Ndani mna diploma ya Serikali, matokeo ya chuo, karatasi ya staji, na breve mbili tatu za vituo vya mafunzo: miezi mitatu ya «maintenance», miezi sita ya mitandao, wiki chache za ofisi. Anayeajiri anazigeuza moja kwa moja. Katika bahasha hiyo yote, mara nyingi ni karatasi moja tu iliyopimwa na mtu mwingine zaidi ya yule aliyefundisha na kupokea pesa. Ni diploma ya Serikali, ile ya mwisho wa sekondari.

Watu wanalalamikia Examen d'État, na wana sababu. Kila mwaka kuna habari za simu ndani ya vyumba vya mtihani na za wazazi wanaochangishwa pesa zisizo na risiti. Lakini wazo lenyewe ni sawa. Maswali ni yale yale kutoka Beni mpaka Matadi, yanafika yakiwa yamefungwa, na mwalimu hamsahihishi mwanafunzi wake. Kwa wale wa shule za ufundi kuna hata jury pratique, ambapo mwanafunzi anafanya kazi kwa mikono mbele ya watahini. Nchi hii, pamoja na shida zake zote, inajua kupima watu wake.

Inajua mpaka darasa la mwisho la sekondari. Baada ya hapo kila mmoja anajipimia.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Congo vimeingia katika mfumo wa LMD. Graduat ya zamani imeondoka, licence sasa ni miaka mitatu na krediti 180. Mabadiliko hayo yalihitajika, maana karibu dunia yote inahesabu hivyo. Lakini krediti inahesabu saa za masomo na za kazi ya mwanafunzi. Haisemi kama mwanafunzi aliwahi kushika ruta, kufungua mashine iliyoungua, ao kurudisha data zilizopotea. Kuna chuo chenye chumba cha kompyuta na jenereta, na kuna chuo kinachofundisha programu kwa chaki ubaoni, wanafunzi wakinakili mistari ya kodi kwenye daftari kama vile shairi. Vyote viwili vinatoa licence ya informatiki, na jina kwenye karatasi ni moja.

Vituo vya mtaani ni habari nyingine, na si vema kuvidharau. Vijana wengi wanaoendesha sekretaria, wanaotengeneza simu sokoni na kusimamisha mitandao ya shule walijifunza huko, siyo chuoni. Kuna vituo ambapo mwanafunzi anabaki na bisibisi mkononi tangu siku ya kwanza. Kuna vingine ambapo analipa, anaonyeshwa namna ya kuandika barua kwenye kompyuta, anapigwa picha na joho, anarudi nyumbani na breve yenye mhuri mwekundu. Mwenye kuumia zaidi ni kile kituo kizuri. Hakina njia ya kuonyesha kwamba breve yake si sawa na ya jirani.

Waajiri nao wamepata njia yao ya mkato: wanaomba vyeti vya makampuni ya nje. Kinachojulikana zaidi katika kazi ya mitandao ni CCNA ya Cisco. Ni kipimo cha kweli, hakuna ubishi. Lakini mtihani wake ni dola 300 za Marekani, cheti kinaisha nguvu baada ya miaka mitatu, na maswali yanatolewa kwa Kiingereza na Kijapani. Kifaransa, lugha ambayo Mcongomani amesomea kutoka shule ya msingi hadi chuo, hakimo. Halafu malipo hufanywa kwenye intaneti, mara nyingi kwa karti ya benki. Mjini Goma benki zilifunga milango mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia mjini. Kijana mwenye ujuzi na mwenye dola 300 mfukoni anaweza bado kushindwa kulipa.

Kwa hiyo nafasi inakwenda kwa nani? Kwa aliyesoma nje, ao kwa mtoto wa mtu anayejulikana. Pale ambapo hakuna kipimo kinachoaminika, anayeajiri anauliza jina la baba.

Na si suala la kazi peke yake. Chukua plake za jua, ambazo leo ziko juu ya paa za vituo vya afya, makanisa na nyumba nyingi za Kivu na Ituri. Betri ya volti 12 haiui mtu kwa kumpiga shoti, ndiyo maana watu wanaichezea. Lakini inaweza kutoa mkondo mkubwa sana kwa mara moja. Fundi akiweka waya mwembamba kuliko unaotakiwa, waya unapata moto ndani ya ukuta wa mbao. Asipoweka karibu na betri kile kifaa kidogo cha kukata umeme unapozidi, hakuna kitakachouzuia moto huo. Mambo hayo mawili yanafundishwa kwa siku moja, na kuyapima kunachukua nusu saa. Mwenye nyumba hana namna ya kujua kama fundi aliyemwita anayajua, mpaka usiku ule waya utakapoungua. Ni hivyo hivyo kwa fundi anayeachiwa kompyuta yenye majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao vya damu.

Kinshasa imeandika mengi kuhusu teknolojia. Mpango wa taifa wa numeriki ulitangazwa mwaka 2019, ukiwa na upeo wa 2025, na upeo huo umeshafika. Sheria ya numeriki ilitiwa sahihi mwezi wa Machi 2023, na ndani yake kuna mamlaka ya taifa ya «certification». Msomaji anaweza kufurahi haraka: mamlaka hiyo inashughulikia sahihi za elektroniki, si watu. Tumepata wa kuthibitisha sahihi inayopita ndani ya mashine, bado hatujapata wa kuthibitisha mkono unaoitengeneza mashine.

Sehemu ya shida ni kwamba mafunzo yamegawanywa. Shule ziko chini ya waziri mmoja, vyuo chini ya mwingine, mafunzo ya kazi chini ya wa tatu, na numeriki ina waziri wake. Kila mmoja anatoa karatasi zake. Lakini chombo cha kuanzia kipo, hakuna haja ya kuunda kingine chenye wakurugenzi na magari mapya. INPP ipo tangu mwaka 1964, ina nyumba zake Goma na Bukavu, na kazi yake tangu mwanzo ni kuandaa wafanyakazi. Inachokosa ni amri ya kupima hata wale ambao haikuwafundisha.

Majirani hawakusubiri. Tanzania iliunda VETA kwa sheria ya 1994, na leo fundi aliyejifunza kazi gereji ao kwa mjomba wake, bila kukaa darasani, anaweza kupimwa na kupewa cheti. Kenya ilipitisha mwaka 2014 sheria ya kupanga vyeti vyote vya nchi kwa ngazi. Congo imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Ndani ya Jumuiya hiyo, wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikubaliana tangu 2012 kutambuana. Makubaliano ya namna hiyo yanahitaji kila nchi iwe na chombo kinachosema: huyu tumempima sisi. Fundi wa Uvira anayetafuta kazi Kigoma anaulizwa cheti chake kinathibitishwa na nani. Atajibu nini?

Mtihani wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Ianzwe na kazi tatu: kompyuta na mitandao, umeme wa jua, simu na elektroniki. Siku moja ya kazi za mikono, mbele ya watahini ambao hawakumfundisha mtahiniwa, wakiwemo watu wa hospitali na makampuni ya mawasiliano. Anayejua kazi lakini Kifaransa chake ni kidogo ajieleze kwa Kiswahili. Cheti kiwe na namba ambayo mwajiri anaweza kuihakikisha kwa ujumbe wa simu.

Wapo watakaosema kwamba huo utakuwa mlango mwingine wa kula pesa za vijana. Ni hofu ya haki. Dawa yake moja ni kutangaza kila mwaka kituo gani kilileta watu wangapi na wangapi walifaulu. Wazazi wenyewe watajua wapi wasipeleke pesa. Wengine watasema vita haviruhusu. Mwaka 2025 wanafunzi wa Goma na Bukavu walifanya Examen d'État.

Amri hiyo ikichelewa, waajiri hawalazimiki kungoja. Baadhi yao wameshaanza: kabla ya kufungua bahasha, wanamkalisha kijana mbele ya mashine iliyoharibika kwa makusudi, wanampa waya na bisibisi, na wanatazama saa.